Mtaro wa Warumi

Binti yangu alirudi kutoka Roma na picha zaidi ya mia kwenye simu yake. Kazi ilimpeleka huko kwa mkutano, na siku ya mwisho wakapewa mtu wa kuwatembeza katikati ya magofu. Aliketi karibu nami jikoni akawa ananionyesha moja baada ya nyingine: nguzo zilizokatika, barabara ya mawe iliyochimbwa na magurudumu, ukuta wa duka ambamo watu walinunua chakula miaka elfu mbili iliyopita.

"Ona, Mama. Yule aliyetutembeza anajua mpaka tanuri walimookea mkate. Anajua walioga wapi, walicheza kamari wapi, nani aliishi nyumba gani."

Nilitazama. Kisha nikamrudishia simu na kumtuma maziwa dukani, ingawa maziwa yalikuwapo. Nilitaka atoke kidogo. Hasira iliyonipanda haikumhusu, na sikutaka imwangukie.

Nyinyi wa rika langu, mliosoma katika shule zile za mabati na sakafu ya udongo miaka ya kwanza ya uhuru, mtakumbuka kwamba tuliwajua watu wa mbali kabla ya kujijua wenyewe. Nilikuwa darasa la tano, kwenye mgongo wa mlima usio mbali na Gakindu, mahali ambapo kila nyumba ina kahawa mpaka mlangoni. Nilijua majina ya wafalme wa Kirumi. Babu yangu mzaa baba sikujua alikufaje.

Mwalimu aliyetufundisha hayo aliitwa Zakaria. Alitoka milima ya Taita, na Kikuyu chetu hakujua hata cha salamu, kwa hiyo darasani kwake tulisikia Kiswahili kilichonyooka, tukakiogopa na kukipenda. Alikuwa na kitabu kimoja cha historia kilichopoteza jalada, chenye picha za kuchorwa kwa wino, na aliwapenda Warumi kama wengine wanavyopenda mpira. Akichora kambi ya jeshi lao ubaoni, chaki ilimkatikia mkononi kwa shauku. Mraba. Mtaro kuuzunguka mraba. Udongo uliotoka mtaroni kurundikwa kuwa ukuta. Geti, mnara, vibanda kwa mistari.

"Mrumi halali kabla ya kuchimba mtaro," alituambia. "Hata kama amechoka vipi."

Siku moja alisema kesho hatutafungua vitabu, tutatembea. Nyuma ya shule, ukipanda kwa nusu saa, palikuwa na uwanda ambao haukulimwa. Majani yalikuwa marefu na hakuna aliyelisha mbuzi huko. Mama zetu walitukataza kwenda, wakisema kuna nyoka, na mimi niliwaamini nyoka hao kabisa. Nilipopita njia ya chini nilikimbia. Mwalimu Zakaria alikuwa amepaona alipokuwa akizunguka na baiskeli yake, na akaona kile ambacho macho yake yalikuwa yanatafuta: mtaro mrefu uliojaa vichaka, na ukuta wa udongo kando yake.

Tulipofika alitusimamisha mstari mmoja ukingoni. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, majani yakitulowesha miguu. "Tazameni," akasema. "Mtaro. Ukuta. Pale palikuwa na geti. Mawe yale manne ni miguu ya mnara. Nyinyi sasa ni watu wa kambi ya Kirumi. Nani atapika mkate?"

Sasa najua alikuwa anatoa mfano. Lakini mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na nilichosikia ni kwamba Warumi waliwahi kufika kwetu. Kwa nini wasifike? Wamisionari walifika, Waingereza walifika. Nilijivuna. Tuligawiwa kazi: wavulana askari, wengine waokaji, wengine watumwa wa kubeba maji. Rafiki yangu Wairimu, niliyekaa naye dawati moja, alifanywa mlinzi wa geti. Mimi nikawa mke wa mkuu wa kambi. Nilipanda juu ya mawe ya mnara na kuamuru watumwa wachimbe, na wakachimba kwa vijiti, tukacheka mpaka tukaumwa mbavu. Chini ya mawe niliona kipande cha seng'enge kilicholiwa na kutu. Nilimuuliza mwalimu kama Warumi walikuwa na seng'enge. Akakunja uso, akasema labda ni cha wafugaji.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, akimenya viazi. Baba alifanya kazi mjini Kenol, kwenye bohari, na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo habari zote za siku zilikuwa za mama kwanza. Nyumbani tulisema Kikuyu. Ninayaandika maneno yetu kwa Kiswahili kama ninavyoweza.

"Mama, leo tumeenda kule juu. Hakuna nyoka. Ni mahali pa Warumi."

Kisu kilisimama.

"Pa nani?"

"Warumi. Ndio waliochimba ule mtaro. Walikuwa na akili sana, Mama. Hawalali kabla ya kuchimba. Mimi nilikuwa mke wa mkubwa wao, nilisimama juu ya mnara nikawaambia watumwa wachimbe."

"Na hao Warumi," mama aliuliza polepole, "walikuwa wanakula nini?"

"Mkate. Na zabibu, na mafuta ya zeituni."

Alicheka. Sijasikia tena kicheko kama kile, na sitaki kukisikia. Kisha akainuka, viazi vikamwagika kutoka kwenye kanga yake, akanipiga kofi. Mama hakuwa mtu wa kupiga. Nililia zaidi kwa mshangao kuliko kwa maumivu, na kilichonichoma zaidi ni kwamba hakuniambia kosa langu. Aliokota viazi kimoja kimoja, akaviosha, akavipika. Nililala nikimchukia.

Asubuhi alijifunga kitambaa cha kanisani na kunishika mkono mpaka shuleni. Mwalimu mkuu, mtu wa pale pale kwetu, alimwona kutoka ofisini akatoka haraka.

"Mama Nyawira, karibu. Kuna shida?"

"Namtaka mwalimu wa Warumi."

Nilimwona mwalimu mkuu akielewa. Uso wake ulibadilika bila yeye kuuliza lolote. Alimsogelea mama na kusema kwa sauti ya chini, "Mambo hayo tulikubaliana kuyasahau, sisi sote. Usifukue."

"Mimi sikukubaliana na mtu," mama akasema.

Mwalimu Zakaria alisikia sauti akatoka darasani, chaki mkononi. Mama akamgeukia, akabadili lugha, akatumia kile Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwarimu, wewe umeambia mtoto yangu ati ile shimo ilichimbwa na nani?"

"Mama, nilikuwa nawafundisha kuhusu Warumi. Ilikuwa mfano tu."

"Wewe ulijua ni nani alichimba?"

"Niliuliza." Akamtazama mwalimu mkuu. "Niliambiwa ni mitaro ya zamani."

"Sawa. Basi leo mimi ndio nitatembeza watoto. Ukitaka kuja, kuja. Ukikataa, mimi nitaenda na huyu yangu peke yake."

Mwalimu mkuu alisema hapana. Mwalimu Zakaria alipangusa chaki kwenye suruali, kisha akatuita tutoke. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alikuwa kijana wa kuajiriwa, mgeni, na alijua anachokichokoza.

Tulipanda tena. Hakuna aliyecheza. Mama alitangulia, akitembea kama mtu anayeingia nyumbani kwake, na alipofika pengo la ukuta akasimama.

"Hapa ni geti. Asubuhi, firimbi. Watu wanatoka wanahesabiwa kama mbuzi. Wanaume hakuna. Wengine wako msituni wanapigana na Mzungu, wengine wamefungwa mbali, baba ya huyu alikuwa amefungwa. Ni sisi wanawake, na wazee, na watoto. Tulitolewa kwa mashamba yetu, nyumba zikachomwa, tukaambiwa tujenge hapa."

Alituonyesha mistari ya vibanda. Pale ambapo sisi tuliona matuta tu ya majani, yeye aliona milango. Alitaja kila mwenye kibanda: huyu alikuwa mshonaji, huyu alizaa mapacha, huyu aliimba vizuri, huyu alipigwa akawa kiziwi. Alituonyesha mafiga matatu meusi yaliyozama udongoni, akasema moshi ulikuwa mwingi kwa sababu vibanda viligusana. Alituonyesha mahali pa kisima ambamo hawakuruhusiwa kuchota mpaka homugadi wachote kwanza. Hao walikuwa watu wetu wenyewe, waliopewa bunduki na Mzungu ili watulinde dhidi ya ndugu zetu. Kisha akatupeleka ukingoni mwa mtaro.

"Hii shimo, kutoka hapa mpaka ule mti, nilichimba mimi. Kule alichimba Mama Kamau. Kule, dada yangu. Asubuhi mpaka saa kumi, bila kula. Ndani tukaweka vijiti ya mianzi, imechongwa, mtu akianguka inamtoboa. Saa kumi wanafungua geti, kwa saa moja tu. Ukimbie kwa shamba yako, uchimbe viazi, uchote maji, urudi. Ukichelewa wanasema umepelekea watu wa msituni chakula."

Mwalimu Zakaria alikuwa ameshika kofia yake.

"Nilikuwa na mtoto," mama akasema. "Miezi saba. Nilimwacha na nyanya mmoja mzee sana. Maziwa iko kwangu, na mimi niko ndani ya shimo. Siku hiyo alikuwa na homa. Nikaomba yule msimamizi, nikamwambia, niruhusu nimnyonyeshe, nitarudi. Akasema, chimba. Mchana nikaomba tena. Akasema, chimba. Saa kumi nikakimbia, nikapata amekuwa baridi. Wakaniambia nimzike hapo kwa ukuta, haraka, kesho kuna kazi."

Alinyoosha mkono. Palikuwa na majani tu, kama kwingine kote.

"Alikuwa anaitwa nani, mama?" mwalimu aliuliza.

"Nyawira."

Darasa zima liligeuka kunitazama. Kwa sekunde chache niliamini mama amechanganyikiwa, ananizika mbele ya wenzangu. Kisha nikakumbuka desturi yetu: binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na akifa, jina humngoja atakayefuata. Nilikuwa nimevaa jina la mtu. Jana yake nilisimama juu ya yale mawe na kupiga kelele, chimbeni, chimbeni.

Wairimu, rafiki yangu wa dawati, ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa uchungu wa kweli, machozi yakimtiririka.

"Na huyo msimamizi alikuwa nani?"

Mama alimtazama. Nafikiri alipigana na nafsi yake.

"Uliza baba yako," akasema.

Baba yake Wairimu alikuwa Mzee Ngunjiri, mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee wa kanisa, na mwenye shamba lile tulilosimama juu yake. Lilimwangukia mashamba yalipopimwa upya, wakati baba yangu na wengine kama yeye walikuwa bado kizuizini. Wairimu hakukaa nami tena. Siku iliyofuata alihamia dawati la mbele, na kusema kweli sikumwona tena vizuri kwa sababu siku ile ile mwalimu mkuu aliniita mlangoni akaniambia nirudi nyumbani. Mama yangu, alisema, alikuwa ametukana mtu mbele ya watoto. Ningerudi shuleni atakapoomba msamaha mbele ya wazazi wote na kusema alikosea. Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya mto, na mvua zilikuwa zimekwisha kulibeba daraja.

Kwa wiki tatu nilichuma kahawa na mama kwenye mibuni yetu michache. Nilikuwa na furaha, mtaniamini? Nilijiona askari. Nilimwambia, "Usiombe msamaha, Mama. Sitaki shule yao." Aliendelea kuchuma. Mwalimu Zakaria alipata barua ya uhamisho kabla ya muhula kwisha. Alikuja kuaga, baiskeli yake imefungwa sanduku, akasimama nje ya jiko letu akizungusha kofia.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Wewe hukujua," mama alisema. "Hao wengine ndio nauliza."

Baba alipokuja kutoka Kenol walizungumza ndani, mlango umefungwa. Nilimsikia baba akisema mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka zamani, "Huyu anaweza kusoma mpaka mbali." Basi.

Mkutano ulifanyika kanisani kwa sababu shule haikuwa na ukumbi. Mzee Ngunjiri aliketi mbele, koti la kijivu, mikono juu ya fimbo. Sikuwa nimewahi kumtazama mikono. Mama alisimama. Alikuwa amevaa kitambaa kile kile. Alisema kwa Kikuyu, wazi, kila mtu akasikia:

"Nilisema maneno ya uongo mbele ya watoto. Nilikosea. Pale juu hakuna mtoto aliyezikwa. Naomba mzee anisamehe."

Mzee Ngunjiri aliinamisha kichwa kwa upole, kama mtu mkarimu anayepokea zawadi ndogo. Akasema amesamehe. Watu wakapiga makofi. Walipiga makofi! Nusu ya wanawake mle ndani walikuwa wamechimba mtaro ule. Mle ndani kulikuwa na dada wa mama, tumbo moja, naye alipiga makofi akitazama magoti yake.

Njiani kurudi nilitembea mbele, sikutaka kumgusa. Tulipofika kwenye migomba nikageuka nikamfokea, mimi mtoto wake, jambo ambalo halikufanyika kwetu.

"Kwa nini umesema uongo? Kwa nini umemkana?"

Nilitegemea kofi. Hakunipiga. Alisema, "Yule siwezi kumfanyia kitu tena. Wewe kesho vaa sare."

Nilivaa sare. Nilisoma, kama baba alivyosema, mpaka mbali. Nilikuwa wa kwanza darasani mwaka ule na miaka iliyofuata, na walimu walidhani ni bidii. Ilikuwa chuki. Mwaka ule ule mtaro ulifukiwa, wafanyakazi wa Mzee Ngunjiri wakasawazisha ukuta, wakapanda kahawa. Kahawa ilistawi. Nilipokuwa nikirudi likizo niliiona kutoka barabarani, kijani kibichi, mistari iliyonyooka, na nilimkasirikia mama zaidi kuliko nilivyomkasirikia mwenye shamba. Ninaona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa, kwa miaka mingi kuliko inavyofaa. Yeye hakuwahi kulitaja jambo lile tena, nami sikumuuliza tena. Tulizungumzia mvua, na wajukuu, na magoti yake.

Alipokufa, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake kanisani, kwa kuwa ni mkubwa na ni mwalimu. Mdogo wangu aliuandika na kuuchapisha: alizaliwa, akaolewa, alijaliwa watoto watano, alimtumikia Mungu, alipenda kazi ya shamba. Usiku wa kuamkia mazishi sikumwambia mtu nilichokusudia kusema. Asubuhi, mlangoni mwa kanisa, nilimwambia ndugu yangu huyo kwamba watoto walikuwa sita. Alinivuta kando.

"Tafadhali. Familia ya Mzee Ngunjiri wote wamekuja. Wametoa ng'ombe. Usiharibu siku ya mama."

Mzee mwenyewe alikuwa amekufa zamani, kitandani kwake, akiwa amezungukwa na watoto wake, na kanisa lilimwimbia. Watoto wake waliketi safu ya pili. Wairimu alikuwa pale, mvi zimemjaa kama mimi.

Nilisimama na karatasi. Sikulia, nilikuwa na hasira mno. Nilisoma mwaka wake wa kuzaliwa na jina la kijiji. Kisha nikakunja karatasi.

"Mama yetu alizaa watoto sita," nilisema. "Wa kwanza aliitwa Nyawira. Alikuwa na miezi saba. Alikufa kwa sababu mama alikatazwa kutoka mtaroni kumnyonyesha, na aliyemkataza alikuwa Ngunjiri. Amezikwa katika shamba la Ngunjiri, chini ya kahawa. Mama alisema katika kanisa hili hili kwamba jambo hilo ni uongo. Alisema hivyo ili mimi nisome. Haukuwa uongo."

Kaka yake Wairimu aliinuka akatoka, viatu vyake vikigonga saruji. Wairimu hakutoka. Alibaki ameinama, mikono imefunika uso. Ndugu yangu alinitazama kama mtu asiyenijua. Nikafikiri, basi, watapiga makofi tena, au watanizomea, au watanyamaza milele kama walivyozoea.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, bibi mmoja kizee alianza kujiinua. Ilimchukua muda. Msichana aliyekaa naye alijaribu kumrudisha kitini, naye bibi akausukuma mkono wake.

"Na Muriuki wangu," akasema. "Alikuwa na miaka miwili. Yuko karibu na huyo wenu."

Kabla hajakaa, mwingine upande wa wanawake akasema bila kusimama, "Mapacha wa dada yangu." Halafu mwingine. Mchungaji alikuwa kijana, hakuwa amezaliwa wakati ule. Alishtuka, akainua mkono akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa. Aliimba ubeti mzima peke yake.